Bomba la Baridi Kali Likitoka Jasho: Dalili, Visababishi na Mahali pa Kusimama

Saa kumi na mbili asubuhi, Shangani, Mtwara, hewa nzito ya baharini. Pitisha kiganja chini ya bomba la naitrojeni ya kimiminika, kitarudi kimelowa. Hakuna tatizo ninalopigiwa simu zaidi kuliko hilo: "Fundi, bomba linatoka jasho, ombwe limekufa." Mara nyingi ombwe halijafa. Na mara nyingine limekufa kweli, lakini mtu amekimbilia kuwasha pampu kabla hajaangalia, akafuta ushahidi wote aliokuwa nao.

Nimeyakusanya hapa matatizo yanayojirudia kwa mafundi wa oksijeni na naitrojeni ya kimiminika wa Mtwara na Lindi, pamoja na maswali ya vijana wanaosomea uhandisi ambao siku hizi wanachora mabomba ya heliamu ya vinu vya fyusheni, vile vinavyounganisha viini vya atomu badala ya kuvipasua. Huku kwetu tumelizoea bomba la gesi la inchi 36 linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam. Hilo lina mgandamizo, lakini halina baridi. Siku gesi itakapogeuzwa kuwa kimiminika kule Likong'o kama ilivyopangwa, methani itakuwa kwenye nyuzi −162, na mafundi watakaohitajika ni wanaojua mambo haya.

Kwanza tuelewane jinsi bomba lenyewe lilivyo. Ni bomba ndani ya bomba. La ndani hubeba kimiminika, la nje tunaliita koti, na katikati yake hewa imenyonywa ikabaki ombwe, ambalo mafundi wengi huliita vakyumu. Bomba la ndani limevishwa blanketi la tabaka nyingi za karatasi nyembamba ya alumini zilizotenganishwa kwa wavu, na limeshikiliwa na vishikizo vya faibaglasi. Joto lina njia tatu tu za kuingia: hewa iliyobaki kwenye ombwe, vishikizo, na mionzi. Kila dalili utakayoiona inakuonyesha njia mojawapo.

Na ujue unabeba kitu gani. Wati moja ya joto ikipenya kwenye naitrojeni huvukiza kama mililita 22 kwa saa, kijiko na kidogo. Wati hiyohiyo kwenye heliamu huvukiza lita 1.4 kwa saa. Ndiyo maana kosa linalovumilika kwenye naitrojeni linakuwa msiba kwenye heliamu.

Dalili: koti linatoka jasho au limeota barafu

Kabla ya kugusa chochote, nenda kaguse chuma kingine kilicho jirani: bomba la maji, nguzo, bati la paa. Usiku usio na mawingu chuma chochote kilicho nje hupoa kuliko hewa, na hewa yetu haihitaji kusukumwa sana. Joto likiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 85, umande huanza kutua kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 kushuka chini. Tofauti ya nyuzi tatu tu inatosha. Ikiwa bomba la maji nalo limelowa, rudi saa tano asubuhi uangalie tena. Bomba zima la ombwe hukauka pamoja na wenzake.

Likibaki na jasho wakati vingine vimekauka, sasa soma umbo la jasho lenyewe.

Doa moja la ukubwa wa kiganja, penye mwili wa bomba. Kisababishi cha kawaida ni kishikizo cha ndani kinachogusa vibaya, au blanketi lililochanika wakati wa kuingizwa hadi bomba la ndani likakaribiana na koti. Hili halitengenezwi kwa pampu. Lipime kwa wiki mbili. Lisipokua, unaweza kuishi nalo kwenye naitrojeni.

Pete ya barafu kwenye kiungo. Hapa mara nyingi si ombwe la bomba, ni kiungo. Viungo vya bayoneti, vile vinavyochomekwa kimoja ndani ya kingine, vina oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia, upande wa joto. Oringi ikikakamaa au ikiwekwa na chembe ya mchanga, gesi baridi hupanda kwenye uwazi ule mwembamba na kugandisha shingo. Acha kiungo kipate joto, toa mgandamizo wote, fungua, safisha, weka oringi mpya. Usikaze zaidi kwa kutumaini barafu itaisha. Utavunja boliti.

Urefu mzima wa kipande umelowa au umeganda, kutoka kizuizi hadi kizuizi, yaani kuta zinazoligawa ombwe la njia ndefu. Hapo ndipo ombwe limekufa kweli. Soma geji. Bomba likiwa baridi, ombwe zuri liko chini ya milibari 0.0001. Likipanda hadi 0.01, blanketi halikusaidii tena kama lilivyokusudiwa.

Ukitumia kipimajoto cha kuelekeza, kumbuka kwamba stenlesi inayong'aa inakidanganya. Kinasoma joto la vitu vinavyoakisiwa na koti, pengine hata uso wako. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, subiri dakika tano, kisha pima juu ya utepe.

Simama hapa: ukiona majimaji yanadondoka kutoka mahali palipo wazi na yanatoa moshi mweupe, si maji. Bomba la naitrojeni lisilofunikwa lina baridi ya kutosha kugeuza hewa kuwa kimiminika, na kimiminika hicho kina oksijeni nyingi kuliko hewa tunayovuta. Kikidondokea kwenye lami, grisi au matambara yenye mafuta, cheche moja inatosha. Ondoa watu, funga chanzo, usimwage maji.

Dalili: geji inasoma vizuri bomba likiwa baridi, vibaya likipata joto

Hii inawachanganya wengi, nami ilinichanganya kwa muda mrefu. Ndani ya koti kuna vifuko vya zeolaiti, punje zenye vitundu vidogo mno vinavyonasa gesi, vilivyofungwa kwenye bomba la baridi. Vikipoa hunyonya gesi. Vikipata joto huitema. Kwenye bomba la heliamu la nyuzi −269, hewa yoyote inayopenya huganda moja kwa moja juu ya chuma. Kwa hiyo bomba baridi linaweza kuwa linavuja miezi sita huku geji ikikuonyesha namba nzuri. Uvujaji haujaonekana, umehifadhiwa tu.

Kisababishi cha kwanza si kibaya: mvuke na haidrojeni vinavyotoka kwenye chuma chenyewe. Cha pili ni uvujaji mdogo wa hewa kutoka nje, kwenye oringi ya tundu la kunyonyea au kwenye weldi ya koti. Utavitofautisha kwa daftari. Kila mara bomba linapopata joto kabisa, andika namba ya geji na joto la siku hiyo. Mara ya pili na ya tatu zikilingana, ni chuma kinachopumua. Kila mara ikiwa juu kuliko iliyopita, unavuja.

Ukitaka jibu siku hiyohiyo, acha bomba liwe la joto, linyonye, kisha funga valvu ya pampu na uandike geji kila dakika kumi. Chora kwenye karatasi. Mstari ulionyooka unaopanda bila kuchoka ni uvujaji. Mstari unaopanda kisha ukalegea na kulala ni unyevu, au hewa iliyofungiwa mahali fulani ndani. Kalamu na karatasi ya mraba vimeniokolea siku nyingi kuliko kifaa chochote cha bei.

Kinyume chake ndicho cha kuogopa: ombwe zuri bomba likiwa na joto, linavunjika mara kimiminika kinapoingia. Huo ni uvujaji wa baridi. Kuna ufa kwenye bomba la ndani ambao hauonekani mpaka chuma kijikunje. Stenlesi hupungua kama milimita 3 kwa kila mita inapotoka joto la kawaida hadi baridi ya naitrojeni. Bomba la mita 20 linajivuta sentimita 6. Mchoraji asipoweka belosi, kile kipande chenye mikunjo kinachoruhusu bomba kujivuta, au akaiweka halafu fundi akasahau kutoa vyuma vilivyoifunga wakati wa kusafirisha, nguvu zote zinaishia kwenye weldi ya kona. Hili halina dawa ya nje. Koti linakatwa, weldi inarudiwa, inapimwa kwa mashine ya kusaka uvujaji wa heliamu. Kazi hiyo ni ya mchomeleaji mwenye cheti cha mabomba ya mgandamizo na mkaguzi wake, si ya jioni moja na mashine ya kuazima.

Kwa anayechora mabomba ya fyusheni, kuna jambo la ziada hapa. Heliamu haigandi kwenye bomba kama hewa inavyofanya, na zeolaiti yenye baridi ya naitrojeni haiikamati. Inaanza kuikamata ikifungwa kwenye bomba lenye baridi ya heliamu yenyewe. Katika koti moja mnaweka mabomba kadhaa, mengine ya nyuzi −269, mengine ya −193 kwa ajili ya ngao za joto, yaani kuta baridi zinazozuia mionzi isifike kwenye sehemu za baridi zaidi. Vifuko vya zeolaiti viende kwenye lile la baridi zaidi. Nimeona michoro ambayo vimefungwa kwenye bomba la ngao kwa sababu tu hapo palikuwa na nafasi.

Dalili: pampu inanyonya siku tatu, geji haishuki

Funga valvu iliyo kati ya pampu na bomba, usome ombwe la pampu peke yake. Kama pampu yenyewe haifiki, tatizo ni pampu. Angalia mafuta kwenye kioo: yakiwa meupe kama tui la nazi, yamekunywa maji. Badilisha, kisha iache pampu ipate moto kabla ya kuiunganisha.

Pampu ikiwa nzima, basi bomba lina maji. Si maji ya kumwagika, ni mvuke uliolala kwenye blanketi. Lile blanketi la alumini lina eneo kubwa mno, na likiachwa wazi usiku mmoja wa masika karakana ya Mikindani, litakudai wiki nzima ya kunyonya. Jaza koti kwa naitrojeni kavu, nyonya, jaza tena, nyonya tena, mara tatu au nne. Pasha koti kwa blanketi la umeme hadi nyuzi 80 kama oringi zinaruhusu. Na safari ijayo fanya kazi ya kuvisha kwenye chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi, ukiwa na glavu.

Kuna na kukatika kwa umeme. Pampu ikisimama ghafla usiku bila valvu ya kujifunga yenyewe, hewa hurudi kupitia pampu na kubeba mvuke wa mafuta mpaka kwenye blanketi. Mafuta hayo hayatoki tena kirahisi. Kwa bomba la oksijeni si suala la ombwe tena: mafuta karibu na oksijeni ni moto. Valvu hiyo ni kitu kidogo, na mimi siwashi pampu bila hiyo.

Mwisho kuna kosa la mchoro linaloitwa uvujaji wa uongo. Fundi amechomelea ndani na nje ya kiungo kimoja, na kati ya weldi mbili kumebaki kijipango cha hewa kinachotoka polepole kwa miezi. Boliti iliyozama kwenye tundu lisilotoboka ni hivyohivyo. Weldi iwe mfululizo upande wa ombwe. Ile ya nje, kama inahitajika kwa nguvu, iwe ya vipande. Boliti itobolewe katikati.

Dalili: bomba linavuma au linagonga

Kugonga wakati wa kupoza ni haraka yako. Kimiminika kinakutana na chuma cha joto, kinageuka gesi, na lita moja ya naitrojeni inakuwa karibu lita 700. Punguza kasi, fungua valvu robo, acha gesi itangulie.

Kuvuma mfululizo kwenye heliamu, kama mtu anayepuliza chupa, ni jambo jingine. Kijibomba chembamba, mara nyingi cha geji ya mgandamizo, kimeziba upande wa joto na kiko wazi upande wa baridi. Gesi ndani yake inacheza mbele na nyuma, ikibeba joto kila inaposhuka, kiasi ambacho hesabu yako ya vishikizo haikukiona. Ongeza nafasi ndogo ya gesi upande wa joto au weka kizuizi ndani ya kijibomba, mvumo utakatika.

Dalili: kinachofika mwisho ni gesi, si kimiminika

Tenki liko karibu tupu. Nasema kweli, anza hapo. Kisha angalia mgandamizo, kisha valvu isiyo na koti iliyowekwa katikati ya njia kwa sababu ilikuwa rahisi. Kisha mlima: bomba lililopanda halafu likashuka hufungia gesi kileleni. Ombwe ndilo la mwisho kushukiwa.

Dalili: madoa ya kutu au nyufa kwenye stenlesi

Hapa ninaomba mtulie, maana hili ni letu sisi wa pwani. Watu wanaamini stenlesi haishiki kutu. Kloraidi, yaani chumvi, ikikutana na stenlesi iliyo chini ya mvuto, yaani nguvu inayokivuta chuma, hupasuka bila kukonda wala kuonya. Mvuto si lazima utoke kwenye mgandamizo. Ule uliobaki ndani ya weldi unatosha. Na koti lililopigwa na jua la Januari lina joto la kuharakisha.

Msidhani ni ushamba wetu. Novemba 2022 mradi wa ITER, unaojenga kinu kikubwa cha fyusheni huko Cadarache kusini mwa Ufaransa, ulitangaza kwamba mabomba ya kupozea yaliyochomelewa kwenye ngao za joto yalikuwa yamepasuka, nyufa nyingine zikiwa na kina cha milimita 2.2. Kisababishi kilikuwa mabaki ya klorini kwenye vijinafasi karibu na weldi, pamoja na mvuto wa kukunja na kuchomelea. Chembe za klorini zilitosha. Sasa fikiria bomba lililokaa wazi bandarini miezi miwili ya kusi.

Anza kwa macho na maji baridi yasiyo na chumvi: osha, futa, angalia. Doa la kahawia linaloondoka na kuacha chuma laini huenda lilitoka kwenye brashi ya chuma cha kawaida. Doa linaloacha kitundu ni la chumvi. Fungua klampu zote, maana chumvi hupenda kujificha chini yake. Tumia rangi ya kupenya, ile nyekundu inayoingia kwenye nyufa, penye weldi. Mstari mwekundu mwembamba wenye matawi kama mzizi wa mkorosho ni ufa.

Kisababishi ninachokutana nacho zaidi, na kinachoniuma zaidi, ni maji ya kupimia. Bomba jipya, stenlesi nzuri, linajazwa maji ya kisima ili kupima mgandamizo, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Maji yanamwagwa, kona zinabaki na tone, tone linakauka, chumvi inabaki. Mimi sikubali maji yenye kloraidi zaidi ya miligramu 50 kwa lita, na ninapendelea kupima kwa naitrojeni kavu pale mkaguzi anaporuhusu na watu wakiwa mbali. Kwa mchoraji: koti la pwani liwe la stenlesi ya daraja la 316L, inayostahimili chumvi zaidi, si 304, na klampu ziwe na nafasi ya kuoshwa.

Simama hapa: ufa wowote kwenye bomba lenye mgandamizo ni mwisho wa kazi yako peke yako. Usiusage, usiujaze weldi juu. Toa kimiminika, andika, mwite mkaguzi wa vyombo vya mgandamizo.

Dalili: valvu ya usalama ya koti imefunguka

Usiirudishe kwa mkono. Koti halina mgandamizo likiwa zima, kwa hiyo valvu hiyo ikifunguka, chukulia kwamba bomba la ndani limeachia ndani. Ondoka, zuia watu, fungua milango yote. Naitrojeni na heliamu hazina harufu wala rangi. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 chumba ni hatari, na ikishuka sana mtu huanguka bila kuhisi dalili. Usiingie kumfuata mwenzako bila mtungi wa hewa. Najua inaumiza kusimama mlangoni. Simama.

Wachoraji, ipimeni valvu hiyo kwa ajili ya siku mbaya kuliko zote, si siku ya kawaida. Tarehe 19 Septemba 2008, kwenye LHC, mashine ya kugonganisha chembe ya kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, kiungo cha umeme kiliachia, cheche ikatoboa bomba, na tani kadhaa za heliamu zikaingia kwenye ombwe. Valvu za koti zilikuwa ndogo kwa kiasi hicho. Sumaku nzito ziling'olewa kwenye misingi yake. ITER itakuwa na heliamu kama tani 25 na mabomba ya baridi yapatayo kilomita 5. Ndiyo sababu njia ndefu hugawanywa kwa vizuizi vya ombwe, ili kipande kimoja kikifa kisife na wenzake. Na kokote mnakoweka valvu mbili zinazoweza kufungwa kimiminika kikiwa katikati, pale pawe na valvu ya usalama. Bila ubishi.

Mwaka fulani nilikagua njia fupi ya naitrojeni kwenye sehemu moja ya kazi hapa Mtwara. Kila kitu kilionekana kizuri, geji nzuri, koti kavu. Nikapanda ngazi kuangalia mdomo wa valvu ya usalama ya koti, nikakuta umejaa udongo mkavu, umelainishwa vizuri kama ukuta. Nyigu walikuwa wamejenga humo. Bomba la ndani lingeachia siku yoyote ile, koti lingepasuka kabla ya udongo ule kutoka. Tangu hapo kila mdomo ninaouhudumia una kofia ya mpira mwembamba inayopeperuka gesi ikiisukuma, na ukaguzi wa kila Jumatatu unaanza na ngazi.